Sura ya 6: Nahodha Yupo, Rubani wa Nini?

Watu wanaopunga upepo Mama Ngina, Mombasa, huziona meli zikipita karibu kiasi cha kuyasoma majina yake. Abiria wa kivuko cha Kigamboni, Dar es Salaam, huzoea kuambiwa wasubiri kwanza meli ipite. Pande zote mbili watu huulizana swali lilelile: ile boti ndogo iliyoikimbilia meli huko nje ilikuwa inampeleka nani? Wakishaambiwa kwamba ni rubani, linafuata la pili. Nahodha ametoka Shanghai au Singapore na kuivuka Bahari ya Hindi. Inakuwaje akifika mlangoni atafute mtu wa kumwingiza ndani?

Swali lina haki yake. Nahodha wa meli ya makontena amesoma miaka mingi. Ana rada, ana ramani za kielektroniki, na ana setilaiti zinazomwonyesha alipo kwa tofauti ya mita chache tu. Hata hivyo, Mombasa na Dar es Salaam, kama ilivyo katika bandari nyingi kubwa duniani, meli kubwa ni lazima ichukue rubani wa bandari hiyo. Sura hii inaeleza sababu, kisha inamfuata rubani mwenyewe: anachokijua, anavyopanda meli, anavyofanya kazi na watu asiowafahamu, na inavyochukua muda mrefu kumpata.

Rubani tunayemzungumzia hapa ni baharia mzoefu anayeijua bandari moja kwa undani. Hupanda meli inayoingia au kutoka, akamwelekeza nahodha njia na mwendo, kisha akashuka na kwenda kuipokea nyingine.

Meli ileile, tabia nyingine

Katika bahari kuu, chini ya meli kuna maelfu ya mita za maji, na kulia na kushoto hakuna kitu. Ikitoka kwenye njia yake kwa mita 200, hakuna atakayejua. Mlangoni mwa bandari, mita 20 zinatosha kuipandisha juu ya mwamba. Tofauti si nafasi peke yake. Meli yenyewe hubadilika tabia ikiingia kwenye maji haba.

Tuanze na mwendo. Meli haina breki. Ni kama mkokoteni uliojaa magunia ya saruji unaposhuka mteremko: anayeukokota akiamua kusimama, mzigo haujaamua. Meli ya mita 300 iliyo katika mwendo kamili huweza kwenda zaidi ya kilomita 2 kabla ya kusimama, hata injini ikigeuzwa kurudi nyuma. Kwa hiyo uamuzi wa kupunguza mwendo lazima ufanyike meli ingali mbali, na anayeufanya lazima ajue mbele kuna nini.

Usukani nao una masharti yake. Unaigeuza meli kwa sababu maji yanaupita kwa nguvu, hasa yale yanayosukumwa na rafadha, yaani panga linalozunguka chini ya tezi, sehemu ya nyuma ya meli. Mwendo ukipungua sana, usukani hupoteza nguvu. Hapo rubani yuko katikati ya mambo mawili yanayopingana: akienda kasi ataligonga gati, akienda polepole mno meli haimsikii, na upepo unaanza kuisukuma utakako. Ndiyo maana huita tagi, boti fupi zenye injini kubwa, ziishike meli kwa kamba au ziisukume ubavuni.

Kisha kuna kina. Meli inapopita juu ya maji machache, maji yaliyobanwa kati yake na sakafu ya bahari hukimbia kwa kasi. Msukumo wake hupungua, na meli hudidimia. Kadiri inavyokwenda kasi ndivyo inavyozama zaidi, na ukiongeza mwendo mara 2, mdidimio huongezeka kama mara 4. Tarehe 7 Agosti 1992, meli ya abiria Queen Elizabeth 2 ilikuwa ikipita kwa kasi katika maji ya pwani ya Massachusetts, Marekani, ikiwa na rubani. Ilididimia kuliko ilivyotarajiwa, ikakwaruza miamba ambayo ramani ilionyesha iko chini zaidi ya ilivyokuwa. Abiria walinusurika, lakini chini ya meli palichanika.

Hata kingo za njia zina nguvu zake. Meli ikiusogelea ukingo mmoja wa mfereji, tezi huvutwa kuelekea ukingo huo, na omo, yaani mbele ya meli, husukumwa upande wa pili. Asiyeijua nguvu hii atashangaa kuiona meli ikigeuka bila kuamriwa.

Kwa ufupi, mambo manne hubadilika meli inapoingia bandarini:

- huhitaji nafasi kubwa ya kusimama kuliko iliyopo;
- husikia usukani kidogo zaidi inapopunguza mwendo;
- huzama zaidi inapokwenda kasi juu ya maji machache;
- huvutwa na kusukumwa na kingo zilizo karibu.

Maarifa ya mahali pamoja

Hayo manne nahodha mzuri anayajua. Asichokijua ni namna yanavyojitokeza hapa, leo, saa hii. Pengine amefika bandari hii mara mbili maishani. Rubani huipita njia hiyohiyo wiki nzima, mwaka mzima.

Chukua Kilindini. Meli inayoingia hupita kati ya miamba miwili, Leven upande wa kaskazini na Andromache upande wa kusini. Huku nje bado ina mawimbi ya bahari wazi, na majira ya kusi huwa na upepo mkali wa kuisukuma. Ikiisha kuipita miamba, inageuka kuelekea magharibi na kuingia kwenye mlango mwembamba wa Likoni, ambako vivuko vinavusha mamia ya maelfu ya watu kila siku. Nyuma ya mlango huo kuna mikono mipana ya bahari inayoingia bara. Maji yote yanayoijaza na kuiacha lazima yapite njiani humo. Wakati wa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa Mombasa huzidi mita 3. Ni maji mengi, na hayapiti kwa upole.

Ramani inaonyesha miamba na maboya. Haionyeshi mahali ambapo mkondo hugeuka dakika chache kabla ya saa iliyoandikwa kwenye jedwali. Haionyeshi jengo refu linaloukinga upepo kisha likaisha ghafla na kuiacha meli wazi, wala nahodha wa kivuko yupi husubiri na yupi hujaribu kuwahi.

Dar es Salaam ina mlango mwembamba zaidi, wenye kona, kati ya Magogoni na Kigamboni. Wembamba huo uliwahi kutumika vitani. Agosti 1914, Wajerumani walilizamisha gati la kuelea mlangoni ili manowari za Waingereza zisiingie. Chombo kimoja kilichozamishwa mahali palipochaguliwa vizuri kiliharibu bandari nzima, hata kwa Wajerumani wenyewe: manowari yao Königsberg haikuwa tena na bandari hiyo ya kurudi, na mwishowe ikajificha katika delta ya Rufiji, ambako iliangamizwa Julai 1915. Mlango umepanuliwa na kuchimbwa tangu wakati huo, lakini hesabu haijabadilika. Meli kubwa ikikwama hapo, hakuna meli nyingine itakayoingia wala kutoka, na mzigo wa Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi unasubiri.

Waliojirusha majini

Pwani hii inaifahamu kazi ya rubani kwa karne nyingi. Vasco da Gama alipofika Mombasa Aprili 1498, alikuwa na marubani wawili aliowachukua Msumbiji. Merikebu zilipojaribu kuingia bandarini, moja ilikataa kugeuka ikaigonga iliyokuwa nyuma yake, na nanga zikatupwa. Katika vurugu hiyo marubani wale wawili walijirusha majini wakaondoka zao. Wareno hawakuthubutu kuingia tena. Walibaki nje, kisha wakaenda Malindi.

Huko Malindi mfalme aliwapa rubani mwingine, naye akawafikisha pwani ya India mwezi uliofuata. Wengi wamefundishwa kwamba mtu huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa ubaharia kutoka Julfar katika Ghuba. Wanahistoria wengi wa sasa wanalitilia shaka jambo hilo, na wapo wanaosema alikuwa mtu wa Gujarat. Kwa vyovyote vile, merikebu zenye mizinga zilisimama nje ya mlango zikimsubiri mtu mmoja asiye na silaha, kwa kuwa yeye alijua njia na wao hawakuijua.

Kupanda ukuta wa chuma

Kazi ya rubani huanza kwa hatari kubwa kuliko zote zinazofuata. Boti ya marubani, ambayo usiku huwasha taa nyeupe juu ya taa nyekundu, huisogelea meli ingali inatembea. Nahodha huigeuza kidogo meli ili ubavu mmoja uwe kinga dhidi ya upepo na mawimbi. Kutoka ubavu huo hushushwa ngazi ya kamba yenye vipago vya mbao.

Rubani husimama kwenye sitaha ya boti inayopanda na kushuka. Anasubiri wimbi limpandishe hadi juu kabisa, ndipo anaushika mkono wa ngazi na kuanza kukwea mara moja. Akichelewa, boti itapandishwa na wimbi la pili na kumbana miguu kwenye ubavu wa meli.

Kanuni za kimataifa, zinazosimamiwa na IMO, shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia usafiri wa baharini, zimeeleza ngazi hiyo kwa kina:

- vipago viachane kwa sentimita 31 hadi 35;
- kikitakiwa kimo cha zaidi ya mita 9, ngazi ya kamba iunganishwe na ngazi ya pembeni ya meli;
- karibu yake pawe na boya la kuokolea lenye taa;
- ofisa wa meli asimamie kazi yote.

Kanuni ni nzuri, lakini kamba huoza. Chama cha Kimataifa cha Marubani wa Meli, IMPA, huwaomba marubani wakague ngazi wanazopandia na kutuma taarifa kila mwaka, na kila mwaka hupatikana ngazi zisizokidhi masharti. Mwishoni mwa Desemba 2019, rubani mkongwe wa bandari ya New York alianguka alipokuwa akipanda meli ya makontena, akafariki. Alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa miongo kadhaa. Uzoefu haumsaidii mtu ambaye meli imemshushia ngazi mbovu, na kwa hiyo rubani ana haki ya kuikataa ngazi, na meli ikasubiri nje hata kama inapoteza fedha kila saa.

Nani mwenye amri?

Rubani akifika chumba cha usukani, bendera ya nyeupe na nyekundu hupandishwa kuonyesha kwamba yumo. Watu hudhani tangu hapo meli ni yake. Sivyo. Karibu kila mahali duniani, nahodha hubaki mwenye amri na mwenye dhima. Rubani ndiye anayetoa maelekezo ya njia na mwendo, lakini nahodha akiona hatari anaweza kumsimamisha. Mfereji wa Panama una utaratibu wake: huko rubani hushika uongozi wa meli kikamilifu.

Mpango huu wa wakubwa wawili hufanikiwa kwa mazungumzo. Kabla ya kuanza, nahodha humweleza rubani kina ambacho meli inahitaji, nguvu ya injini, na kasoro yoyote iliyopo. Rubani naye humweleza njia atakayopita, hali ya maji, idadi ya tagi na gati watakalofungia. Kila agizo kwa mshika usukani hurudiwa kwa sauti kabla ya kutekelezwa. Lugha ni Kiingereza cha baharini, ambacho IMO ilikipangia misemo rasmi mwaka 2001.

Hapa kuna jambo linalowagusa marubani wa pwani yetu. Rubani huweza kuzungumza na watu wa tagi na wa gatini kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha yao na ndiyo ya haraka. Nahodha Mfilipino au Mwukraine hasikii kitu. IMO inapendekeza kwamba rubani anayezungumza na watu wa nje kwa lugha isiyoeleweka chumbani awaeleze walio chumbani, mapema iwezekanavyo, kilichosemwa. Si adabu tu. Nahodha asiyejua tagi imeambiwa nini hawezi kugundua kwamba imefanya kitu kingine.

Gharama ya ukimya ilionekana San Francisco tarehe 7 Novemba 2007. Meli ya makontena Cosco Busan iliondoka gatini katika ukungu mzito, ikagonga nguzo ya daraja la Bay Bridge na kumwaga lita kama 200,000 za mafuta. Wachunguzi walibaini kwamba uwezo wa rubani wa kufikiri ulikuwa umepunguzwa na dawa alizokuwa akitumia, kwamba yeye na nahodha hawakuwa wamezungumza ipasavyo kabla ya kuondoka, na kwamba nahodha hakumsimamia. Rubani huyo alifungwa miezi 10 gerezani.

Mfano wa upande wa pili ni Baltimore, usiku wa tarehe 26 Machi 2024. Meli Dali, yenye urefu wa mita 300, ilikatikiwa na umeme ikielekea daraja la Francis Scott Key. Marubani walikuwa na dakika chache tu. Waliamuru usukani ugeuzwe na nanga iangushwe, wakaita tagi, na wakatoa taarifa nchi kavu kwamba daraja lifungwe. Polisi walizuia magari pande zote mbili. Daraja lilianguka, na mafundi sita waliokuwa wakikarabati barabara juu yake walifariki. Magari yaliyozuiwa hayakuwamo katika hesabu hiyo, na hayo yaliokolewa na sauti iliyopita redioni kwa wakati.

Rubani hufundishwaje?

Hakuna chuo kinachompokea kijana na kumtoa rubani. Njia hupitia baharini kwanza, na kwa kawaida ina hatua hizi:

1. Ukadeti. Kijana husoma darasani, kwa mfano Bandari Maritime Academy ya Mombasa au Chuo cha Bahari Dar es Salaam, DMI, kisha hukaa melini angalau miezi 12 akijifunza kazi.
2. Uofisa. Hufanya mitihani ya vyeti, akishika zamu chumba cha usukani na kupanda daraja mwaka hadi mwaka, mara nyingi hadi cheti cha unahodha.
3. Uanafunzi wa urubani. Anarudi bandarini na kuwafuata marubani wakongwe, mchana na usiku, maji yakijaa na yakipwa, kwenye kila gati. Kwanza anatazama, kisha anaongoza huku mkongwe akiwa pembeni yake.
4. Leseni kwa ngazi. Huanza na meli ndogo peke yake. Urefu au uzito wa meli anazoruhusiwa huongezwa kadiri anavyothibitika.
5. Kuhakikiwa tena. IMO inapendekeza, katika azimio lake la mwaka 2003 kuhusu mafunzo ya marubani, kwamba umahiri uthibitishwe upya kila baada ya muda usiozidi miaka 5, na afya ipimwe.

Mitihani yenyewe inaonyesha kinachothaminiwa. Nchini Marekani, anayetafuta leseni ya urubani hupewa karatasi na kutakiwa kuichora ramani ya njia kutoka kichwani: maboya, vina, miamba, taa. Akiwa kazini skrini ikizimika, ramani hiyo ndiyo itakayobaki.

Makosa nayo hutafutiwa mahali pa kufanyiwa bila hasara. Vyuo hutumia mashine za kuigiza, yaani vyumba vya usukani vya bandia vyenye skrini pande zote. Huko Port Revel, Ufaransa, kuna ziwa ambalo tangu miaka ya 1960 marubani na manahodha wamekuwa wakikaa ndani ya meli ndogo zilizopunguzwa mara 25 na kuziendesha kwa mikono yao. Kwa kanuni za fizikia, katika kipimo hicho mambo hutokea mara 5 haraka zaidi. Anayezoea kufikiri kwa kasi hiyo huiona meli halisi ikimpa nafasi ya kutosha.

Kazi hii ilikuwa ya wanaume watupu kwa muda mrefu, na bado wanawake ni wachache. Elizabeth Marami, aliyesomea ubaharia Alexandria, Misri, alitambulishwa na vyombo vya habari kuwa mwanamke wa kwanza rubani wa meli nchini Kenya. Habari zake ziliwafikia wasichana wengi ambao hawakuwahi kuambiwa kwamba kazi kama hiyo ipo.

Mashine zitamwondoa?

Marubani wengi sasa hupanda na kompyuta ndogo inayoonyesha meli ilipo na itakakokuwa baada ya dakika chache. Finland imebadilisha sheria yake ili kuruhusu, kwa kibali maalumu, rubani aelekeze meli akiwa nchi kavu. Kwa njia iliyo wazi na hali nzuri ya hewa, huenda hilo likaenea, na litawaepusha watu na ile ngazi. Katika mlango wenye vivuko, mikondo na tagi zinazohitaji kuambiwa jambo sasa hivi, aliyepo chumbani bado huona mengi kabla ya kifaa kuyapima.

Mahitaji ya pwani yetu yanakwenda upande mwingine. Lamu ilipokea meli zake za kwanza katika gati jipya Mei 2021. Dar es Salaam imechimbwa ili ipokee meli zenye kina kikubwa zaidi. Mombasa inaendelea kupokea meli ndefu kuliko zile ambazo mlango wake ulizizoea. Bandari mpya ina shida ya pekee: haina rubani mkongwe wa kufuatwa. Maarifa yake lazima yakusanywe safari kwa safari, kwa meli ndogo na maji tulivu kwanza, na kuandikwa ili wanaofuata wasianze upya.

Kreni huagizwa kiwandani. Rubani anayeweza kuiingiza meli ya mita 300 usiku, majira ya kusi, huchukua kama muongo mmoja kumtengeneza, na mnyororo huo wa mafunzo hukatika mapema kuliko wengi wanavyodhani: vijana wa Afrika Mashariki humaliza masomo ya darasani wakakosa meli ya kuwachukua kwa ile miezi 12 ya ukadeti. Kila mkataba wa bandari unaotiwa saini na kampuni za meli ni nafasi ya kudai vitanda vichache vya makadeti melini. Nchi zinazopanga magati ya mwaka 2040 zinapaswa kuvidai vitanda hivyo sasa.